Ulumbi Bila Mikono: Dhidi ya Orodha za Uwasilishaji, kwa Kuzingatia Kisomo cha Lamu

Vitabu vingi vya fasihi simulizi vilivyotungwa kwa ajili ya shule za sekondari na vyuo vya ualimu nchini Kenya tangu mfumo wa 8-4-4 ulipoanzishwa mwaka 1985 vina ukurasa mmoja unaofanana mno. Ni ukurasa unaotaja sifa za mlumbi bora. Mlumbi, inasemwa, sharti awe jasiri. Awe na sauti kubwa. Aitazame hadhira yake usoni. Atumie mikono, uso na mwili mzima, yaani kile kinachoitwa viziada lugha. Apandishe na kushusha toni. Asisome mahali popote bali aseme kwa kichwa. Aichangamshe hadhira kwa maswali, vichekesho na miondoko. Mwanafunzi huikariri orodha hii kama anavyokariri majina ya mito ya Afrika, na mtahini humpa alama moja kwa kila hoja. Mwalimu wa chuo kikuu, ambaye alipaswa kuitilia shaka, huipokea ilivyo na kuitumia kama mizani ya uhakiki.

Hapana anayedai kwamba orodha hiyo ni uwongo mtupu. Yako mazingira ambamo kila sifa iliyotajwa humfaa msemaji. Kosa lake ni kwamba imeuchukua mwonjo wa mahali fulani na wa watu fulani, ikaugeuza kuwa kanuni ya usemaji wote, kisha ikawaacha wahakiki wakiipima kwayo jamii ambayo haikuulizwa. Na palipo na ushahidi ulio wazi kabisa wa kosa hilo ni visiwa vya Lamu, ambavyo wahakiki hao hao, katika kurasa nyingine za vitabu vyao, huvisifu kuwa chimbuko la ushairi wa Kiswahili.

Na aitwe basi mtahini huyo aende Amu, apimishe kwa orodha yake kisomo cha utendi. Atamkuta msomaji ameketi chini juu ya mkeka au juu ya daka, miguu ameikunja, daftari liko mbele yake. Mato yake, kama wasemavyo wenyewe Waamu, yako kwenye karatasi. Mikono haifanyi kazi yoyote isipokuwa kugeuza ukurasa, na pengine mmoja kuinuliwa ushike sikio ili mwenye kusoma aisikie sauti yake. Sauti si kubwa. Mahadhi ni yale yale tangu ubeti wa kwanza hadi wa mia mbili. Haulizi swali, hachekeshi, hasimami, hamtazami mtu usoni. Naye akiwa mwanamke akiwasomea wanawake wenzake ndani ya nyumba, basi hata hiyo sauti haikusudiwi kuvuka kizingiti. Kwa kipimo cha kitabu cha shule, huyu amekosa karibu kila alama. Lakini waliomzunguka wamenyamaza. Akifika kwenye kina cha kati, wengine hukimalizia naye kwa midomo bila sauti. Akikosea neno, kuna mzee atakayelisahihisha papo hapo, bila kunyanyua kichwa, na msomaji atalirudia lilivyo sawa na kuendelea. Kisomo kikisha, kuna watakaokwenda nacho nyumbani. Ikiwa hii haiitwi athari, basi neno hilo halina maana katika taaluma ya fasihi.

Wapo watakaojibu kwamba huo ni usomaji, wala si ulumbi, na kwamba kulinganisha viwili hivyo ni kuchanganya mambo. Jibu hilo lenyewe ndilo linalofichua asili ya tatizo. Katika Kiswahili cha pwani kitenzi kusoma hakikupata kutenganisha jicho na ulimi. Mtu husoma Kurani, husoma Maulidi, husoma utendi, husoma dua, na katika yote haya kinachokusudiwa ni kutamka kwa sauti na kwa mahadhi mbele ya wengine, kuwe na karatasi au kusiwe. Kisomo ni tukio la watu wengi. Mpaka kati ya andishi na simulizi, ambao vitabu vya shule huuchora kwa rula katika sura ya kwanza, ulichorwa na watu waliotoka katika jamii ambazo kusoma kulikwisha kuwa jambo la mtu mmoja na kimya chake. Lamu imekuwa ikiandika tungo zake kwa hati za Kiarabu kwa karne kadhaa, na imekuwa ikizitamka hadharani kwa muda huo huo. Kumwambia mwanafunzi wa huko kwamba mwenye kushika karatasi si mlumbi kamili ni kumwambia kwamba bibi yake hakujua alilokuwa akilifanya.

Yafaa kueleza kwa nini utulivu huo hufanya kazi, maana wahakiki wengi huuona kuwa ni upungufu uliovumiliwa tu kwa sababu ya mazoea. Utendi una mizani nane katika kila kipande, vipande vinne katika kila ubeti. Vitatu vya kwanza hugawana kina chao, na cha nne hubeba kina cha bahari kinachopita katika utungo mzima. Sikio la msikilizaji aliyezoea hukingoja kipande cha nne kama baharia angojavyo wimbi la kurudi. Mahadhi yanapokuwa hayabadiliki, kila badiliko dogo huwa habari: irabu iliyovutwa kuliko desturi, pumzi iliyochukuliwa kabla ya neno na si baada yake, ubeti uliorudiwa mara mbili. Msomaji mwerevu anaweza kusoma beti hamsini bila kufanya lolote, kisha akaurudia wa hamsini na moja, na baraza zima likajua kwamba limeelekezewa neno. Mtu anayerusha mikono tangu ubeti wa kwanza amekwisha kutumia fedha zake zote kabla ya kufika sokoni.

Utungo maarufu kuliko yote ya visiwa hivi, Utendi wa Mwana Kupona, unalithibitisha jambo hili kwa namna nyingine. Mwana Kupona binti Msham, mzaliwa wa Pate na mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, aliutunga mwaka 1858 akiwa mgonjwa, miaka michache tu kabla ya kufa kwake. Hali ya usemaji iliyomo ndani ya utungo ni ya mama aliyelala, anayemwita binti yake akae karibu na aje na wino na karatasi. Sauti ya mgonjwa haipigi kelele. Hata hivyo mashindano ya shule yamezoesha watoto kuusimamia utungo wa namna hii katikati ya jukwaa, kupiga magoti, kulia, kunyoosha mkono kuelekea dari na kuzungusha macho, na waamuzi huyaandika hayo kuwa ndiyo uhai wa uwasilishaji. Kwa hakika kinachowasilishwa hapo ni mtoto na bidii yake, wasia haumo. Hadhira hutoka ikimsifu mwanafunzi, na ukiiuliza mama alimwusia nini bintiye, huambulii ubeti mmoja.

Kwa wale wasioridhika na ushahidi wa kisomo cha dini na wasia, kwa kuwa wataona kwamba ulumbi hasa ni ule wa siasa, historia ya karibuni ya Lamu ina mfano ambao ulipaswa kuwa umekwisha kuvunja orodha hii zamani. Katika uchaguzi mkuu wa mwaka 1974, na katika uchaguzi mdogo uliofuata mwaka 1975, mapambano makali ya kisiasa visiwani humo yalipiganwa kwa mashairi na tenzi zilizojulikana kwa jina la Kimwondo. Mhakiki Assibi Amidu alichapisha kitabu kizima juu ya pambano hilo mwaka 1990, kwa hiyo wataalamu hawana udhuru wa kutolijua. Jambo la kuzingatiwa hapa ni chombo. Tungo hizo zilienea kwa kaseti. Zilisomwa kwa sauti, zikarekodiwa, zikanakiliwa, zikapita mkono kwa mkono, zikasikilizwa na watu waliozunguka mashine iliyowekwa chini. Katika mashine ile hamkuwamo uso, mikono wala macho ya kumtazama mtu. Hapakuwa na jukwaa la kuzungukwa. Hadhira haikuweza kuulizwa swali na kulijibu, ingawa ilijibu kwa njia yake, yaani kwa kutunga. Viziada lugha vyote vilivyotajwa vitabuni viliondolewa kwa mkupuo mmoja, na kilichobaki ni maneno, mizani, mahadhi na sauti ya mtu anayejulikana. Tungo zikachoma. Jina lenyewe lilikuwa na ukali wake, kwani kimwondo ni ile nyota irukayo usiku, ambayo katika mafundisho ya Kiislamu ndiyo wanayopigwa nayo mashetani wanaodukiza habari za mbinguni, na kila msikilizaji wa Lamu aliyasikia yote hayo ndani ya neno moja bila ya kunyooshewa kidole.

Mmoja wa waliotunga katika pambano hilo ni Mahmoud Ahmed Abdulkadir, ajulikanaye zaidi kwa jina la Ustadh Mau, aliyezaliwa Lamu mwaka 1952, na ambaye baadaye alikuwa imamu wa Msikiti wa Pwani. Maisha yake ya utunzi yanaibua swali jingine ambalo orodha ya sifa za mlumbi haina pa kulitia. Utendi wake wa Wasiya wa Mabanati, uliotungwa katika miaka ya 1970 kuwaonya wasichana, na tungo zake nyingine nyingi, zimewafikia watu kwa sauti za wengine, wasomaji waliojaliwa mahadhi. Mtunzi ni mmoja, msomaji ni mwingine, na hakuna yeyote Lamu anayeona hapo upungufu. Vitabu vya shule, kwa upande wao, vinamjua fanani mmoja tu, anayebuni, kukumbuka na kutenda kwa wakati mmoja na kwa mwili mmoja. Mgawanyo huu wa kazi si jambo la juzi. Wakati wa vita vya Kuduhu, mwanzoni mwa karne ya 19, Mombasa na Lamu zilijibizana kwa mashairi yaliyovuka bahari, upande wa Mombasa ukiwa na Muyaka bin Haji na upande wa Lamu ukiwa na Zahidi Mgumi miongoni mwa washairi wake. Ann Biersteker na Ibrahim Noor Shariff waliyakusanya na kuyachapisha mwaka 1995. Shairi lililovuka bahari humwacha mtunzi wake nyuma. Linalofika ni lile ambalo mtu mwingine anaweza kulisoma na likabaki kuwa lake yeye aliyelituma. Huo ni uwezo uliomo katika utungo wenyewe, nao ni sehemu ya ulumbi kuliko upana wa mabega ya msemaji.

Isifikiriwe kwamba hapa Lamu inafanywa kuwa nchi ya watu wasiotikisika. Hilo lingekuwa kosa jipya badala ya kosa la kale. Wanawake wa Lamu wana vugo, ambamo pembe hupigwa kwa vijiti na matusi ya kishairi hurushwa waziwazi. Wanaume wana goma, ambamo safu ya watu waliovaa kanzu huinua na kushusha bakora zao kwa utaratibu wa polepole mno. Na itakumbukwa kwamba mji huu uliwahi kugombana juu ya suala hili hili la mwili na sauti. Habib Swaleh bin Alawi Jamalilleil, aliyetoka Ngazija na ambaye alifariki mwaka 1935, alipoifanya Riyadha kuwa kituo cha elimu mwanzoni mwa karne ya 20, alileta usomaji wa Maulidi ya Habshi, yaliyotungwa Hadhramaut na Ali bin Muhammad al-Habshi, pamoja na matari na kuyumba kwa safu za wasomaji. Baadhi ya wakubwa wa mji walipinga vikali. Abdul Hamid el-Zein, katika kitabu chake cha mwaka 1974 kuhusu dini na jamii ya Lamu, ameonyesha kwamba nyuma ya ugomvi wa matari kulikuwa na ugomvi wa nani mwenye haki ya kufundishwa na kusikika, kwa kuwa Habib Swaleh aliwakaribisha wale ambao mabwana wa mji waliwaweka nje ya elimu. Tari lilishinda, na hadi leo Maulidi ya Lamu huwavuta watu kutoka pwani nzima.

Funzo la kihakiki hapo ni kwamba kila utanzu una mwili wake. Maulidi ya Habshi yana matari, na mahali pa kusimama watu wote panajulikana. Utendi una mkeka. Khutba ya Ijumaa ina mimbari, fimbo mkononi mwa khatibu na kikao kifupi kati ya sehemu zake mbili, na msikilizaji wake haruhusiwi hata kumnyamazisha jirani yake. Hapo "kushirikisha hadhira" kwa maana ya vitabu kungekuwa ni kuiharibia watu sala. Ngano ya watoto usiku ina mtambaji anayenguruma kama simba na kutembea kama mzee, na huyo ndiye hasa aliyefaa kuelezwa na orodha ile. Waliotunga vitabu walimtazama mtambaji wa ngano, wakadhani wamemwona mlumbi, mghani, khatibu na malenga kwa pamoja.

Orodha yenyewe ilitoka wapi? Sehemu yake ni urithi wa darasa la kikoloni, ambamo mwanafunzi alifundishwa kukariri mashairi ya Kiingereza akiwa amesimama wima mbele ya wenzake, kidevu juu. Sehemu nyingine inatokana na jambo zuri lililotumiwa vibaya. Ruth Finnegan, katika kitabu chake cha mwaka 1970 juu ya fasihi simulizi ya Afrika, alisisitiza kwamba utungo simulizi haukamiliki mpaka utendwe, na kwamba aliyeuchapa karatasini bila ya kueleza utendaji wake ameuacha nusu. Alikuwa sahihi, na Isidore Okpewho mwaka 1992 aliendeleza hoja hiyo kwa mifano mingi zaidi. Lakini walichokisema hao kilikuwa maelezo: angalia hapa mtendaji anafanya nini. Waandishi wa vitabu vya shule walikigeuza kikawa amri, wakasema mtendaji bora ni yule afanyaye haya. Neno "uone" likawa "sharti".

Ajabu ni kwamba hata mapokeo ambayo orodha hii hudhaniwa kuyafuata hayaiungi mkono sana. Husimuliwa na Cicero kwamba Demosthenes alipoulizwa lililo la kwanza katika ulumbi alijibu kuwa ni uwasilishaji, na alipoulizwa la pili na la tatu akatoa jibu lile lile. Kisa hicho hupendwa sana na waandishi wa miongozo. Hawataji kwamba Aristotle, katika kitabu cha tatu cha maandishi yake juu ya balagha, aliukubali uwasilishaji shingo upande, akiona kwamba una nguvu kwa sababu ya udhaifu wa wasikilizaji. Karibu zaidi na Lamu, kwa njia ya lugha ya Kiarabu ambayo wanazuoni wake waliijua, yuko al-Jahiz wa Basra wa karne ya 9. Yeye aliihesabu ishara kuwa mojawapo ya njia za kubainisha maana, na kwa hiyo hawezi kushutumiwa kwa kuudharau mwili. Lakini ndiye pia aliyemtaja Abu Shimr, mjadili ambaye alipozungumza hakutikisa mkono wala bega, wala hakugeuza macho, hata maneno yake yakawa kama yatokayo katika ufa wa mwamba, naye akiamini kwamba mwenye hoja hana haja ya kuisaidia kwa kitu kingine. Siku Ibrahim al-Nazzam alipombana kwa hoja, ndipo Abu Shimr alipotikisa mikono yake.

Tukio linaloharibika Lamu, basi, huharibika kwa sababu nyingine kabisa na zile zilizotajwa vitabuni. Msemaji huweza kukosa kwa kuanza bila ya kuwaomba radhi waliomtangulia kwa umri na elimu. Huweza kukosa kwa haraka, akakata kipande mahali pasipo na kituo na kina kikaanguka chini. Huweza kukosa kwa kupaza sauti mbele ya kipaza sauti, kana kwamba mashine ile haikuwekwa, kosa ambalo wanasiasa wanalirudia kila msimu wa kampeni. Njia za mji wa kale ni nyembamba, kuta ni za mawe, na madaka mbele ya milango huwaweka mwenyeji na mgeni katika kimo kimoja cha kuketi. Adabu ya kuzungumza iliyoleleka hapo ni ya watu waliokaa karibu. Anayewapigia kelele watu waliokaa karibu huhesabiwa kuwa ana hasira au hana hoja. Huweza kukosa pia kwa lugha. Kiswahili sanifu kinaeleweka visiwani kote, lakini msemaji anayekisoma kwa lafudhi ya taarifa ya habari, kutoka karatasi iliyotafsiriwa Nairobi, huwaweka watu katika hali ya kungojea amalize. Wakenya wote wanaukumbuka mtindo wa marais Kenyatta wa kwanza na Moi wa kusoma hotuba rasmi kwa Kiingereza, kisha kuiweka kando na kuzungumza kwa Kiswahili, na jinsi uwanja ulivyoamka ghafla. Hapo wachambuzi husifu "mvuto" wa kiongozi. Wangefaa kuuliza kwa nini ile nusu ya kwanza ilisomwa hata kidogo.

Mtu anaweza kuona kwamba haya ni mabishano ya wenye nafasi, kwamba alama mbili tatu za mtihani hazimwui mtu. Lakini orodha iliyofundishwa kwa kizazi kizima haibaki darasani. Afisa wa serikali, wakili, mtaalamu wa mazingira na mwandishi wa habari wote wamepita katika darasa hilo hilo, na wameondoka wakiamini kwamba anayesema vizuri ni yule anayesimama, anayetazama watu usoni na anayeeleza kwa picha na mikono. Tangu Katiba ya 2010 ilipoufanya ushiriki wa wananchi kuwa sharti la utawala, mikutano ya kutoa maoni imekuwa ndiyo jukwaa kuu la ulumbi nchini. Lamu imeiona mikutano hiyo kwa wingi, kwa sababu ya bandari iliyozinduliwa ujenzi wake tarehe 2 Machi 2012, na kwa sababu ya mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 uliopangwa kujengwa Kwasasi. Tarehe 26 Juni 2019 Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ilibatilisha leseni ya mtambo huo, na mojawapo ya sababu zake ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo: mikutano ya utangulizi ilifanyika, lakini matokeo ya uchunguzi wa athari hayakurudishwa kwao ili wayajadili kwa ujuzi.

Mahakama ilizungumza kwa lugha ya sheria. Mhakiki wa fasihi alikuwa na lake la kusema, akanyamaza. Kwa orodha ya vitabuni, mkutano wa utangulizi unaweza kupata alama zote: msemaji jasiri, sauti iliyofika, picha zilizoonyeshwa, hadhira iliyoulizwa maswali na kupiga makofi. Na ndani ya mkutano huo huo, mvuvi mzee wa Faza au Kizingitini akiinuka, akashukuru, akaomba radhi, akasema maneno sita au saba kwa mafumbo akitazama chini, kisha akaketi, huyo kwa orodha hiyo amewasilisha vibaya. Wenzake wamemsikia na wamejua amekataa. Mwenye kuandika kumbukumbu, aliyefunzwa kwamba kukataa kuna sauti kubwa na ngumi hewani, hana kitu cha kuandika. Uhakiki uliomfundisha kusikia hivyo hauwezi kujitoa katika lawama kwa kusema kwamba kazi yake ni mashairi tu.

Kuna pingamizi mbili zinazostahili kujibiwa. Ya kwanza ni ya walimu, kwamba mtihani wa taifa unahitaji hoja zinazohesabika, na kwamba "kuwa na utulivu unaofaa" haihesabiki. Ni kweli. Lakini athari kwa msikilizaji inaweza kupimwa kwa urahisi kuliko ishara za mikono. Mwulize aliyesikia: nini kilisemwa? Rudia ubeti mmoja. Ni wapi msomaji alirudia, na kwa nini? Madrasa za Lamu zimekuwa zikipima hivyo siku zote, kwa kumwamuru aliyesikia asome. Pingamizi ya pili ni kwamba Lamu ni mahali padogo, penye desturi zake za pekee, na kwamba kanuni haivunjwi na kisiwa kimoja. Wanaosema hivi hawakuwa na haya kuchukua kutoka kisiwa hicho kimoja Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, Mwana Kupona na nusu ya bahari za ushairi, wakaziita fasihi ya Kiswahili kwa ujumla. Ahmed Sheikh Nabhany, mzaliwa wa Matondoni aliyefariki mwaka 2017, aliwasaidia watafiti wengi kutoka vyuo vikuu vya ndani na nje, akiwasomea na kuwafafanulia. Walirudi makwao na msamiati, mizani na miswada. Namna alivyokuwa akikaa alipokuwa akisoma hawakuiandika.

La kufanywa si kuiongezea orodha hoja ya kumi na moja, kwamba mlumbi awe mtulivu pale panapofaa. Viraka vya namna hiyo vimekwisha kuwekwa katika matoleo mapya ya vitabu kadhaa na havijabadilisha ufundishaji wowote. Ukurasa wenyewe uondolewe. Badala yake mwanafunzi apewe matukio mawili au matatu yaliyorekodiwa, kisomo cha utendi kimoja, khutba moja, vugo moja, asikilize kwanza bila ya kuona picha, aandike alichosikia, kisha aonyeshwe picha na aandike kile ambacho macho yamemwongezea, au yamempunguzia. Kaseti za pambano la 1974 na 1975 zinafaa kuwa za kwanza katika mkusanyiko huo, na idara za Kiswahili ambazo hazijazitafuta zianze kuzitafuta maadamu wangali hai watu wanaoweza kueleza ni nani alikuwa akilengwa katika kila ubeti.